Askofu Edward Steere na Watoto Waliofundishwa Kuandika



Sisi watu wa Bariadi hatuna haja ya kuelezwa jinsi kazi ya kuchuma pamba ilivyo. Jua linawaka, mgongo unauma, vidole vinachomwa na maganda makavu, na jioni macho ya wote yapo kwenye mizani. Basi yuko mama mmoja wa Marekani aliyeandika hadithi ambayo mahali pake pa uchungu mkubwa ni penye mizani ya pamba. Jina lake ni Harriet Beecher Stowe, binti wa mchungaji, na kitabu chake kiitwacho Kibanda cha Mjomba Tom kilitoka mwaka wa 1852. Ndani yake mna mtumwa Mkristo, Tom, anayeuzwa tena na tena hata kufika katika shamba la pamba la bwana mkatili. Anapomwona mwanamke dhaifu hawezi kutimiza uzito unaotakiwa, anamtilia pamba yake katika mzigo wake. Jioni bwana anamwamuru ampige mwanamke yule, naye anakataa. Mwishowe anapigwa yeye mpaka kufa, kwa kuwa hakukubali kuwasaliti watumwa waliotoroka.

Katika mwaka wa kwanza kitabu hicho kilinunuliwa Marekani nakala kama 300,000, na Uingereza zaidi ya hapo. Watu waliokuwa wakisema kwamba utumwa ni shauri la wenye watumwa walijikuta wanalia juu ya mtu asiyekuwapo duniani, kisha wakaanza kuwafikiria wale waliokuwapo. Miaka tisa baadaye Wamarekani walipigana wao kwa wao kwa sababu ya jambo hilo, na mwaka wa 1865 utumwa ukafutwa kwa sheria katika nchi yao yote. Si kitabu peke yake kilichofanya hayo, lakini hakuna asemaye kwamba hakikuwa na sehemu.

Vijana wetu wa sekondari waliokisoma kitabu hiki waliniuliza swali la haki kabisa. Watumwa walitoka Afrika, na katika nchi yetu wenyewe misafara ilipita Tabora na kushuka mpaka Bagamoyo, tena wengi wakavushwa kwenda Unguja. Je, kwetu aliandika nani? Nilikaa na swali hilo kwa muda. Jibu langu laweza kuwashangaza kidogo, kwa maana linaanza na Mwingereza aliyekuwa mwanasheria.

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye akaingia njia ile ile, akasoma sana, na mwaka wa 1850, akiwa na miaka 22 tu, alipata shahada ya juu kabisa ya sheria. Kitabu cha Mjomba Tom kilipofika London na kushikwa na kila mtu, Steere alikuwa kijana wa miaka 24 katika mji huo. Lakini sheria haikumkaa moyoni. Alipenda mambo ya Kanisa, na tena alipenda kazi za mikono, hasa kazi ya kupiga chapa, ambayo alijifunza mwenyewe. Jambo hili la pili lilionekana dogo wakati ule, na wengine huenda waliona ni mchezo wa msomi. Mtaona lilivyokuja kutumika.

Mwaka wa 1856 alipewa ushemasi, na 1858 ukasisi. Mwaka huo huo wa 1858 alimwoa Mary Beatrice Brown. Akawekwa katika parishi ndogo za mashambani huko Lincolnshire, na hapo angekaa mpaka uzee kama si rafiki yake, William Tozer, kuchaguliwa kuwa Askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyoanzishwa kwa sababu ya mwito wa Livingstone. Askofu wa kwanza wa misheni hiyo, Mackenzie, alikuwa amekufa kwa homa katika nchi ya mto Shire mwaka wa 1862. Tozer alimwomba Steere amsindikize. Steere alikubali kwa muda wa miaka miwili tu. Mkewe alibaki Uingereza, na kutengana huko, kwa muda mwingi wa maisha yao, kulikuwa mzigo ambao wanaomsifu Steere wanausahau upesi.

Tozer na Steere waliona kwamba bonde la Shire litawaua wote, wakahamia Unguja. Walifika tarehe 31 Agosti 1864. Mji huo wakati ule ulikuwa soko kubwa la watumwa kuliko yote ya pwani hii, na Waingereza waliokuwapo walikisia kwamba watumwa kama 20,000 walipita huko kila mwaka. Sultani Majid aliwapa watoto watano wa kiume, waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio walikuwa mwanzo wa shule.

Hebu tuwafikirie watoto hao watano. Wametolewa kwao bara, wametembezwa miezi, wametiwa chomboni, kisha wamenyang'anywa kwa wenye chombo, na sasa wanapelekwa kwa watu weupe wawili ambao lugha yao hawaijui. Kwa mtoto, huko kulikuwa kubadilishwa bwana tu. Ni kitu gani kingewaonyesha kwamba safari hii mambo ni tofauti?

Steere hakuwa na maneno ya kuwaambia, maana hakujua Kiswahili. Akakaa chini kujifunza. Krapf alikuwa ameandika juu ya Kiswahili cha Mombasa, lakini cha Unguja hakikuwa na kitabu cha kutosha. Steere aliwaendea wenyeji wa Unguja, wengi wao Waislamu, akauliza na kuandika, akauliza tena. Alisikiliza hadithi zao za jioni, za sungura na za masultani, akaziandika kama zilivyosemwa. Mwaka wa 1870 alitoa vitabu viwili mashuhuri: cha kanuni za lugha ya Unguja, na kile cha hadithi za Waswahili, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kabla ya hapo, mwaka wa 1867, alikuwa amekwisha kupiga chapa huko huko Unguja kitabu kidogo kiitwacho Hadithi za Kiingereza, ambamo michezo kadhaa ya Shakespeare imesimuliwa kwa Kiswahili.

Na nani waliopanga herufi za chapa? Ni wale watoto. Hapa ndipo ule mchezo wa ujana wake ulipopata kazi. Steere alileta mtambo wa kupigia chapa, akawafundisha watoto waliokuwa watumwa kuokota herufi za risasi moja moja, kuzipanga, kuzipaka wino na kuzikandamiza. Mtoto aliyekuwa ameuzwa kwa kipande cha nguo sasa alikuwa anatengeneza kurasa zitakazosomwa na watu wazima. Misheni nyingi za siku zile zilifundisha useremala na ukulima, na si vibaya. Lakini mtambo wa chapa una jambo lake: huwezi kuutumia bila kusoma, na ukisha kusoma hakuna awezaye kukurudisha nyuma.

Naomba niseme habari yangu hapa, ingawa si ya sifa. Kwa miaka mitatu alikaa nyumbani kwetu binti mmoja kutoka kijijini, akifua, akipika na kulea. Siku moja alipata barua kutoka kwa mama yake, akaniletea nimsomee. Ndipo nikajua kwamba hajui kusoma. Mimi, ninayefundisha darasa la kipaimara kila mwaka, nilikuwa nikila chakula cha mkono wake siku zote hizo bila kumwuliza hata mara moja. Hakuwa mtumwa, alikuwa akipata mshahara wake, tena kwa wakati. Lakini niliposoma juu ya Steere na wale watoto watano niliona haya, na barua ile ilinirudia akilini.

Tuendelee. Wawili kati ya watoto wa mwanzo, John Swedi na George Farajallah, walipewa daraja ya chini ya ushemasi mwaka wa 1870. Farajallah alikufa muda mfupi baadaye. Swedi aliendelea, na mwaka wa 1879 akawa shemasi kamili. Mtaona kwamba walipewa majina ya Kiingereza. Leo tungeuliza kwa nini jina la nyumbani halikutosha kubatiziwa, na swali hilo lina haki. Hata hivyo majina ya kwao hayakupotea, nasi tunawajua kwa majina hayo hata leo.

Mwaka wa 1868 Steere alirudi Uingereza, akakaa katika parishi yake. Misheni ilipatwa na mambo mazito: kipindupindu, na kisha tufani ya Aprili 1872 iliyobomoa nyumba nyingi za Unguja. Tozer aliishiwa nguvu. Steere, aliyekuwa amekwenda kwa miaka miwili tu, akarudi Unguja mwaka huo wa 1872, na tangu hapo maisha yake yalikuwa ya huku.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, baada ya kubanwa sana na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Soko la Mkunazini likafungwa. Misheni ikapata kiwanja hicho: sehemu ilinunuliwa na kasisi mmoja wa misheni, Arthur West, na sehemu nyingine ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo. Siku ya Krismasi mwaka huo huo wa 1873 liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Altare, kwa mapokeo ya watu wa Unguja, ilisimamishwa mahali ulipokuwa mti wa kuwafungia watumwa na kuwapiga viboko ili wanunuzi waone nani mwenye nguvu.

Tarehe 24 Agosti 1874 Steere aliwekwa kuwa Askofu, huko Westminster Abbey. Lakini askofu huyu alikuwa pia fundi mkuu wa kanisa lake. Alilichora mwenyewe, akasimamia mawe ya matumbawe na saruji, na paa akalifanya la zege lililopinda, bila boriti za mbao. Watu walisema litaanguka. Halijaanguka mpaka leo. Ipo hadithi inayopendwa na wanaolitembelea kanisa hilo, kwamba siku moja Askofu alikuwa safarini na mafundi wakasimamisha nguzo za upande wa magharibi miguu juu, kichwa chini. Aliporudi akaona, akaziacha. Ukienda Mkunazini utaziona. Ibada ya kwanza ilifanywa ndani yake siku ya Krismasi.

Kujenga kanisa juu ya soko ni jambo linaloonekana, na ndilo linalokumbukwa. Kazi nyingine ya Steere haikuonekana vile. Mwaka wa 1876 aliondoka Lindi kwa miguu pamoja na watu 55 waliowekwa huru, wanaume kwa wanawake, ili kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi waliona nchi nzuri, wakataka kukaa hapo, naye akakubali. Ndivyo Masasi ya Wakristo ilivyoanza, yaani kwa watumwa wa zamani waliochagua wenyewe mahali pa kukaa. Steere alishikilia kwamba Injili katika Afrika ipelekwe na Waafrika, na kwamba Mzungu asijifanye kuwa wa lazima. Wengi walisema hivyo siku zile. Yeye aliitunza shule ya Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja, ili jambo hilo liwezekane.

Huko nako alitafsiri. Zaburi, Kitabu cha Sala, Agano Jipya, mafungu mengine ya Agano la Kale, yote yalipita mikononi mwake, tena kila neno alilijaribu kwa wanafunzi wake kwanza. Kama Mwafrika wa darasani hakuelewa, kosa lilikuwa la tafsiri.

Alikwenda Uingereza mara ya mwisho, akarudi Unguja Agosti 1882. Siku chache tu baada ya kufika, Jumapili tarehe 27 Agosti, alikufa, akiwa na umri wa miaka 54. Akazikwa nyuma ya altare katika kanisa alilolijenga. Mwezi uliofuata Wamagwangwara waliishambulia Masasi, na baadhi ya wale aliowaongoza kwa miguu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka kwa mara ya pili katika maisha yao. Askofu hakuwapo tena kuyaona hayo.

Sasa nawajibu vijana wetu. Mwaka wa 1887, miaka mitano baada ya kufa kwa Steere, kilitoka London kitabu kiitwacho Kiungani. Kilihaririwa na A. C. Madan, mwalimu wa misheni hiyo, yule yule ambaye baadaye alitunga kamusi za Kiswahili. Lakini maneno si ya Madan. Yaliandikwa kwa Kiswahili na wavulana wa shule ya Kiungani, watoto wa makabila mbalimbali ya bara, kila mmoja akieleza mwenyewe kwao kulikuwaje, jinsi alivyokamatwa, nani alimuuza, alipita wapi, na alifikaje pwani. Mama Stowe alikuwa mwanamke huru aliyewaandikia watu huru juu ya watumwa, na aliandika kwa upendo, lakini ilimpasa kukisia Tom alivyojisikia. Watoto wa Kiungani hawakukisia. Walikuwa wamefundishwa herufi na watu wa Steere, kwa lugha aliyoipangia kanuni, na kitu walichoandika, walipoambiwa waandike, kilikuwa habari zao wenyewe.

Hata hivyo pana jambo linaloniuma. Kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza. Madan aliyatafsiri maneno ya watoto ili Waingereza wayasome, na yamkini kwa kuyasoma wengi waliiombea misheni na kuichangia fedha. Lakini mtu wa Unguja, wa Masasi au wa Tabora, ambaye jirani yake alikuwa bado mtumwa, hakukitiwa mkononi. Na watumwa walikuwapo bado. Unguja hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka wa 1897, na huku Tanganyika mwaka wa 1922 tu, wazee wa wazee wetu wakiwa hai.

Mmoja wa watoto wa Kiungani, Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa, alipewa ukasisi Unguja mwaka wa 1890, Mwafrika wa kwanza kuwa kasisi katika misheni ile. Na Kiswahili cha Steere kilikuwa kimekwisha kufika upande wetu wa ziwa. Wamisionari wa CMS waliopanda kwenda Buganda tangu mwaka wa 1876 walipita Unguja kwanza. Mackay alitumia tafsiri za Steere kuwasomea watu katika baraza la Kabaka Mutesa, maana Kiswahili kilieleweka huko. Mackay naye alikuwa mpiga chapa. Alipofukuzwa Buganda mwaka wa 1887 aliuchukua mtambo wake mpaka Usambiro, kusini ya ziwa, akaendelea kufanya kazi hapo hadi homa ilipomuua Februari 1890. Miaka hiyo hiyo CMS walifungua kituo Nassa, ambako leo ni Wilaya ya Busega katika mkoa wetu wa Simiyu, wakakishika hadi 1909 walipowakabidhi African Inland Mission. Kwa hiyo ndugu zetu wa AIC na sisi Waanglikana tuna babu mmoja hapo Nassa, ingawa hatukumbushani mara nyingi.

Kitabu ambacho vijana walikuwa wakikitafuta hasa, cha Kiswahili, kilichoandikwa na mtu wa damu ya watumwa ili kisomwe na Waafrika wenzake, kilikuja mwaka wa 1934. Kinaitwa Uhuru wa Watumwa. Mwandishi wake, James Mbotela, alitoka Freretown karibu na Mombasa, kijiji cha CMS kilichoanzishwa mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa katika majahazi, na wazee wake walikuwa miongoni mwa watu hao. Wapo wanaomlaumu kwamba anawasifu Waingereza kupita kiasi, na ukikisoma utaona walau wana sababu. Lakini ndani yake jahazi linaonekana kutoka ndani, na hakuna mtafsiri kati ya msemaji na msomaji. Kilisomwa sana na watoto wa shule wa Afrika Mashariki.

Nakala yangu imechakaa na jalada limetoka. Binti niliyemtaja anajua kusoma sasa, polepole, na amekwisha kufika katikati yake, kwa hiyo vijana wanaokitaka itawabidi wamngoje amalize.